Mtoto anapokea Komunyo mwaka huu? Mwongozo kamili kwa mzazi, toka kuandikisha mpaka Kipaimara

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Hii ni kwa wazazi wenye watoto wa shule ya msingi wanaoanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza (kupokea Ekaristi, Mwili wa Kristo, kwa mara ya kwanza) au Kipaimara (sakramenti ya kutiwa muhuri wa Roho Mtakatifu), maana kila Jumamosi nikimaliza kufundisha swali ninalokutana nalo mlangoni ni lile lile, "mwalimu, huyu anapokea lini?", yani mzazi anataka tarehe ili aanze kupanga sherehe, wanaouliza mtoto ameelewa nini au nyumbani wafanye nini ni wachache mno. Sisi makatekista, yani walimu wa dini wa parokia, tunakaa na mtoto saa moja, moja na nusu kwa wiki, ukitoa siku za mvua na siku za mitihani ya shule hata hiyo haifiki, siku zingine zote yuko kwako. Na sio mimi niliyeamua hivyo, Sheria za Kanisa kanuni ya 914 zinawataja wazazi kwanza kwenye kumwandaa mtoto kwa Ekaristi, alafu wanaoshika nafasi ya wazazi, alafu ndo paroko, padre msimamizi wa parokia. Katekista anasaidia tu. Kwahiyo twende taratibu.

Anza na makaratasi, tena mapema

Kuhusu umri watu wanabishana sana. Zamani watoto walikuwa wanasubirishwa mpaka miaka 10, 12, wengine 14, ndo Papa Pius X mwaka 1910 akatoa tamko kwamba mtoto akifika umri wa kutambua, kama miaka 7 hivi, akaweza kutofautisha Ekaristi na mkate wa kawaida, apewe. Huku kwetu parokia nyingi wanachukua darasa la tatu au la nne kwa sababu wanataka mtoto awe anasoma vizuri, na mafundisho yanaweza kwenda mwaka mmoja au miwili kutegemea na jimbo, kwahiyo usije na ya parokia ya dada yako, uliza ya kwako.

Kinachotesa watu ni cheti cha ubatizo. Mtoto alibatizwa Kibosho kwa bibi mwaka ule mlienda Krismasi, sasa hivi mnakaa Mbagala, cheti kilipotea mkihama, na darasa linaanza wiki ijayo. Piga simu ofisi ya parokia aliyobatizwa au mtume ndugu aliyeko kule, awe na jina kamili la mtoto kama lilivyosemwa siku ile, majina ya wazazi, jina la msimamizi, na mwezi na mwaka hata kama tarehe yenyewe mmesahau. Kila ubatizo unaandikwa kwenye daftari kubwa la parokia na namba yake, anayetafuta akishajua mwezi hachukui muda. Angalia na majina yakubaliane, kuna watoto shuleni wanaitwa Brighton kwenye daftari la ubatizo ni Bernardo, mtoto mwenyewe hajui kama ana jina hilo, akiitwa kanisani haitiki.

Kama hajabatizwa kabisa na ameshafika miaka 7 na kuendelea, usihangaike kutafuta ubatizo wa haraka haraka kama wa kichanga. Kanisa linamhesabu kama mtu anayejiamulia, ataingia ukatekumeni (kipindi cha kuandaliwa kwa ubatizo), atafundishwa, na mara nyingi anabatizwa na kupokea Komunyo siku moja. Hajachelewa.

Alafu kuna jumuiya. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua kwamba Kanisa letu lisimame kwenye jumuiya ndogo ndogo, yani vikundi vya waumini majirani wanaosali pamoja, ndo maana parokia inataka barua ya mwenyekiti wa jumuiya kabla ya kumpokea mtoto. Sasa mzazi hajawahi kuonekana jumuiya miaka mitatu, siku hiyo anagonga mlango wa mwenyekiti usiku anataka sahihi. Mwenyekiti akikuuliza kadi ya zaka unakasirika. Anza kwenda sasa, tena nenda na mtoto, wale mama wa jumuiya ndo watakaomjua mwanao kwa jina na kumuuliza "we mbona Jumapili sijakuona". Kama una shida ya kweli, huna hela, unafanya kazi za shifti, nenda ukaongee na paroko ana kwa ana, maparoko wengi wanasikiliza kuliko tunavyowasema.

Hilo hilo kwa wazazi ambao ndoa haijafungwa kanisani, na kwa mama anayelea peke yake, na kwa nyumba ambayo mmoja Mkatoliki mwingine Mlutheri au Muislamu. Usijifiche ukamwacha mtoto akae nyumbani kwa aibu yako. Hali ya wazazi ni jambo la kuzungumza na padre, haimfungi mtoto moja kwa moja, na nimeona nyumba ambazo mafundisho ya mtoto ndo yaliyowafikisha baba na mama kwenye kubariki ndoa.

Aliyeko shule ya bodi, hakikisha unajua anafundishwa na nani na parokia gani inasimamia shule ile, peleka nakala ya cheti mwenyewe usimpe mtoto aweke kwenye tranka. Na siku ya kutembelea ikiwa Jumapili, wahi Misa ukae naye benchi moja, sio unafika saa sita na chipsi kuku.

Nyumbani: dakika kumi, lakini kila siku

Hapa ndo penye kazi yote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, uliiita familia Kanisa la nyumbani, sasa Kanisa lisilosali ni nini? Wala sikwambii uanze na rozari nzima na litania watoto wakasinzia ukaanza kuwafinya. Anza na kitu ambacho hata siku umechoka utakiweza. Kwa mfano, baada ya chakula cha usiku, runinga inazimwa (sio inapunguzwa sauti, inazimwa), simu zinawekwa juu ya kabati pamoja na ya baba, mnafanya Ishara ya Msalaba taratibu, Baba Yetu, Salamu Maria kumi za fumbo moja la rozari, kila mtu anataja mtu mmoja wa kumwombea, mnamalizia na Atukuzwe Baba. Dakika kumi hazifiki. Mkizoea mwezi mmoja ongezeni. Mwezi wa Mei na wa Oktoba mnaweza kujitutumua mafumbo matano, na umeme ukikatika ndo kabisa, hamna kisingizio, mshumaa tayari upo mezani.

Tengenezeni kona. Meza ndogo, kitambaa kisafi, msalaba, Biblia, sanamu au picha ya Bikira Maria, rozari ikae hapo hapo isitafutwe. Kazi ya kupanga hiyo meza mpe mtoto anayeandaliwa, na zamu ya kuongoza sala mpe yeye mara nyingi kuliko mtu mwingine. Akikosea Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, msimcheke. Sala za kukariri atazishika hapo bila kufukuzana na daftari, maana sala inayosaliwa kila siku huwezi kuikosa hata kwenye mtihani wa katekista.

Naomba niseme na akina baba kidogo. Nyumba nyingi mambo ya dini kaachiwa mama, baba anatoa hela ya daftari na ya gauni basi. Mtoto wa kiume wa miaka kumi akiona baba yake mzima amepiga magoti anafumba macho anasali, hilo somo mimi siwezi kumpa hata nikifundisha mwaka mzima. Na akiona Jumapili baba anashusha watu kanisani kwa gari alafu anaenda kuosha gari, hilo nalo ni somo, analielewa vizuri tu.

Jumamosi jioni someni Injili ya kesho yake, moja tu, asome mtoto kwa sauti. Jumapili mkitoka, usimgeuzie maswali ya mtihani "padre kasema nini, taja mambo matatu", wewe anza kusema kilichokugusa au hata ambacho hukukielewa, utashangaa wanavyochangia mkiwa njiani kwenye bajaji.

Watauliza maswali magumu, jiandae. "Tulimuombea babu mbona amekufa?" Usikimbilie kusema Mungu alimpenda zaidi, mtoto atamuogopa huyo Mungu anayependa watu kwa kuwachukua. Mwambie hata wewe iliuma, kwamba Mungu hakuacha kumsikia babu, na kwamba tunasadiki ufufuko wa wafu, ndo maneno yale ya Nasadiki. Na lile swali linalowapata wengi, "mbona wewe baba huwa hukomuniki, unabaki kwenye benchi?" Jibu ukweli kwa kipimo chake: "kuna jambo nahitaji kuliweka sawa na Kanisa kwanza, na mimi natamani, niombee." Usimwambie "nyamaza", usimtungie uongo, na kama ukweli ni kwamba unaona uvivu tu kuungama, basi mwanao kakuuliza swali zuri sana.

Kuungama, hapa usiruke

Kanisa linataka mtoto aungame kabla ya Komunyo ya Kwanza, kwahiyo maungamo ya kwanza yanatangulia. Na watoto wanaogopa hii kuliko kitu kingine chochote. Ukiwauliza, hofu zao ni hizi: padre atanigombeza, padre atamwambia mama, nitasahau maneno. Ya pili mmalize mapema kabisa, mwambie padre haruhusiwi kumwambia mtu yeyote, hata mama, hata askofu, hata polisi, akifanya hivyo anapata adhabu kubwa kabisa ya Kanisa. Na wewe mzazi ukishamwambia hivyo usije ukaharibu kwa kumuuliza akitoka "umesema nini?" Hata kwa utani. Muulize kama anajisikia vizuri, mnunulie soda, basi.

Ya tatu fanyeni mazoezi. Weka viti viwili sebuleni, wewe kaa kama padre, yeye aje apige magoti, aanze na Ishara ya Msalaba, aseme naomba baraka padre kwa kuwa nimekosa, hii ni mara yangu ya kwanza kuungama, alafu dhambi atumie za kuchekesha za mtoto wa hadithi, "niliiba maandazi ya shangazi yote kumi". Zake mwenyewe asizitaje kwenye mazoezi. Akimaliza asikilize mawaidha, apokee malipizi (sala au tendo analopewa kulipia dhambi), asali sala ya kutubu, ile inayoanza "Mungu wangu, nimetubu sana". Na mwambie akisahau aseme tu "padre nimesahau", padre atamsaidia, wameshazoea.

Lakini kazi yenyewe ni kuchunguza dhamiri. Ukimpa mtoto orodha ya Amri Kumi aende nayo hivi hivi utakuta mtoto wa miaka tisa anaungama kwamba amezini, kisa neno lipo kwenye orodha na yeye anataka orodha iishe. Kaa naye umshushie amri kwenye maisha yake: chenji ya dukani nilirudisha yote? Nilisema nimemaliza homuweki na sijagusa? Nilimpiga mdogo wangu nikasema kajigonga? Kuna mtoto darasani tunamtania kwa sababu ya viatu vyake? Misa nilikataa kwenda kwa uvivu? Na moja ambayo naisisitiza kila mwaka, dada wa kazi namsalimia au namtuma tu na kumtukana? Mtoto mwenye sala zote kichwani lakini dada anayemfulia nguo anamwita "we" bado hajaandaliwa. Unavyomuuliza hayo usidai majibu, yeye ajijibu moyoni. Alafu mfundishe kwamba kujuta sio kulia, ni kutaka kubadilika, na kama ameiba kitu arudishe.

Njia nyepesi ya kufundisha yote haya, na wewe panga foleni siku hiyo hiyo uungame.

Kumfundisha Ekaristi yenyewe

Katekista atampa masomo, wewe nyumbani hakikisha mambo mawili tu. Kwanza, ajue anampokea nani, sio nini. Ukisikia mwanao anasema "nitapewa mkate" msahihishe kwa upole, ni Yesu mwenyewe, mzima, katika umbo la mkate. Hadithi za watakatifu watoto zinasaidia sana. Msimulie Kizito wa Uganda, kijana wa kama miaka 14, mdogo kuliko wenzake wote, alibatizwa na Karoli Lwanga siku chache tu kabla ya kuchomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Msimulie na Carlo Acutis, mtoto wa juzi tu, alikuwa anapenda kompyuta na kuvaa jinzi na raba, alipokea akiwa na miaka 7 na hakutaka kukosa Misa, akafa kwa saratani ya damu 2006 akiwa na miaka 15, na Septemba 2025 Papa Leo XIV kamtangaza mtakatifu. Watoto wangu wa Jumamosi huyu wanamuelewa haraka.

Wa Dar na Pwani mna bahati ya ziada, pandeni gari mwende Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni pale mwaka 1868, na kati ya wakristo wa kwanza waliofundishwa pale walikuwemo watoto waliokombolewa utumwani. Mtoto akisimama mahali penyewe ukamwambia watoto wa umri wako walijifunzia hapa Baba Yetu, hilo darasa halisahauliki.

Pili, namna ya kupokea. Mkono wa kushoto juu ya wa kulia, viganja visafi, padre akisema "Mwili wa Kristo" ajibu "Amina" isikike, achukue kwa mkono wa kulia ale pale pale kabla ya kuondoka. Anayetaka kwa mdomo pia sawa. Mwambie hostia, ule mkate mwembamba wa Komunyo, haina ladha na inaweza kunata juu ya ulimi, asishtuke akaanza kuitoa na kidole. Kama mtoto wako hawezi kula ngano kwa sababu ya ugonjwa mwambie paroko mapema, kuna hostia zenye ngano kidogo sana au anaweza kupokea Damu ya Kristo peke yake, sio la kuficha mpaka siku hiyo.

Siku yenyewe

Mfungo wa Ekaristi ni saa moja kabla ya kupokea, sio kabla ya Misa kuanza, na maji na dawa haviuvunji. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka kuna watoto wanaanguka. Mzazi kamwamsha saa kumi na moja kumsuka na kumvalisha, kamkataza hata uji "usije ukavunja mfungo", Misa ya saa tatu, mahubiri marefu, maandamano ya vipaji, Komunyo yenyewe inafika karibu saa tano. Mpe uji na mkate saa moja asubuhi na maji abebe.

Usiku wake alale mapema. Saluni malizeni Ijumaa ili Jumamosi ibaki ya maungamo na mazoezi. Gauni na suti azimeni kama mnaweza, zinavaliwa mara moja, na parokia zingine siku hizi wanaweka sare moja kwa wote, mimi naunga mkono kabisa maana mtoto wa bodaboda na mtoto wa mkurugenzi wanafanana siku hiyo.

Sherehe sasa. Sina ugomvi na pilau. Lakini kadi za michango, ukumbi, MC, keki ya ngazi tano, mtoto anakaa meza kuu mpaka saa sita usiku anasinzia huku watu wazima wanakunywa, hapo sherehe ni ya nani? Alikeni jumuiya, majirani, msimamizi wake, wale wenzake wawili watatu ambao kwao hakutakuwa na chochote, mle mchana, mtoto aseme sala ya chakula, bibi ampe rozari iliyobarikiwa. Fungeni saa kumi na mbili, na kesho yake ana shule.

Jumapili ya pili ndo mtihani

Angalia kanisani Jumapili inayofuata. Wale mia wanakuwa sitini. Kwahiyo kabla hata hajapokea, mwandikishe sehemu: Utoto Mtakatifu, watumishi wa altare, kwaya ya watoto, kimoja kinatosha. Utoto Mtakatifu ni shirika la kipapa, lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson kwa wazo la watoto kusaidia watoto wenzao kwa sala na vijisadaka, na ukimpeleka mwanao na sadaka aliyojinyima mwenyewe, sio uliyompa mlangoni, atakuwa ameelewa Ekaristi kuliko wengi wetu. Kuungama wekeni Jumamosi moja kila mwezi, familia nzima, iandikeni kwenye kalenda ya ukutani. Akienda sekondari atafute TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, wiki ya kwanza, asingoje kuitwa.

Kipaimara

Miaka michache baadaye inakuja hii, na wengi wanaichukulia kama mahafali ya dini, baada ya hapo mtoto haonekani tena. Aelewe kwamba anapakwa Krisma, mafuta matakatifu, kwenye paji la uso, anatiwa muhuri wa Roho Mtakatifu, na haurudiwi maishani. Mapaji saba, hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji, asiyaimbe tu kama shairi, kila wiki chukueni moja muulizane wapi tumelihitaji. Shauri, kwa mfano, ni pale marafiki wanapomwambia aangalie video fulani kwenye simu na anajiuliza afanye nini.

Msimamizi: awe na miaka 16 au zaidi, Mkatoliki mwenye Kipaimara, anayeishi imani, na asiwe baba wala mama mzazi. Kanisa linapenda awe yule yule wa ubatizo kama bado yupo na anafaa. Usichague kwa uzito wa bahasha. Chagua mtu ambaye mwanao akiwa form three amechanganyikiwa anaweza kumpigia simu, na huyo mtu atapokea.

Baada ya yote fuatilia kitu kimoja ambacho hakuna anayekikumbuka. Kama Kipaimara kimetolewa shuleni au parokia nyingine, taarifa inatakiwa ifike parokia aliyobatizwa ikaandikwe pembeni ya jina lake kwenye lile daftari. Baada ya miezi miwili mitatu piga simu ile ofisi ya Kibosho uliza kama imefika, kama haijafika omba cheti cha Kipaimara utume nakala, maana siku akitaka kufunga ndoa watahitaji cheti kipya cha ubatizo chenye hiyo kumbukumbu, na paroko wa wakati huo hatakuwa anamjua mtu.